Nusu ya Mtoto

Mimi ndiye ninayegawa.
Ghorofa ya pili, dirisha linalotazama bomba la moshi,
Zulmira wa vitabu, ndivyo wanavyoniita,
ingawa vitabu vyangu havina hadithi:
vina tanuri la mvuke, jiko, karakana na chekechea,
idara nne ambazo hazijawahi kuuza hata shuka moja.

Wanaouza ni watatu: wasokotaji, wafumaji, watia rangi.
Basi kila Novemba, theluji ikianza kuushika mlima juu ya Covilhã,
nawabebesha hao watatu mizigo ya hao wanne.
Karakana kwa saa za fundi. Mvuke kwa kilo.
Jiko kwa idadi ya vinywa.
Rahisi, ungesema.

Lakini jiko linapikia kwa mvuke wa Horácio,
na Horácio na wachochea moto wake wanakunywa supu ya jikoni.
Kwa hiyo bei ya mvuke ina supu ndani,
na bei ya supu ina mvuke ndani,
kitendawili ambacho jibu lake limekaa ndani ya kitendawili kingine.
Aliyenitangulia alifumba macho:
alimgawa mmoja, akamfunga, akahamia kwa wa pili.
Mimi naandika milinganyo miwili, naifumbua kwa penseli,
na bakuli langu linapoa pembeni.

Mwaka huu tatizo halikuwa supu.

Ufumaji ulitoka na hasara,
eskudo laki moja na arobaini elfu.
Mhandisi Taborda akaipigia mstari wa wino wa kijani.
Wino huo naujua. Ndio uliofunga idara ya blanketi.

Nikarudi chini kwenye hesabu
kama mtu atafutaye sindano zuliani kwa kiganja.
Chekechea: watoto thelathini na mmoja,
elfu ishirini kila kichwa,
na ishirini na sita kati yao wameandikwa Ufumaji.
Kwa nini?
Kwa sababu asubuhi ni mama anayemvua mtoto koti mlangoni,
na karani huuliza, "Wewe wa idara gani?"

Nikalilaza daftari la mishahara kando ya daftari la maziwa.
Wanane, baba zao wako Ufaransa, wanapiga lipu nyumba za wengine.
Hao niliwaacha kwa mama zao.
Lakini kumi na wanane,
baba zao wako hapa hapa, ng'ambo ya ua,
mikono ya buluu hadi viwikoni.

Nikaandika: nusu huku, nusu kule.
Tisa kwa tisa.

Kikaoni Abílio Craveiro, mkuu wa rangi, alianza kwa kucheka.
"Zulmira, mtoto hana nusu."
Kisha akaiona jumla yake.
"Sisi hatujawahi kupeleka mtoto pale."
Kweli. Hawajawahi.
Nikamsomea namba kumi na nne:
Délio Craveiro, miaka mitatu, hanywi maziwa yenye malai.
"Hanywi?" akauliza.

Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kufunga hesabu za mwaka.
Kwenye mgao, asiyekuwapo halipi,
na aliyekuwapo hulipa kwa wawili.

Laki na themanini elfu zikavuka ua.
Ufumaji ukabaki na faida ya elfu arobaini,
nyembamba kama uzi wa mtande.
Hakuna kitambaa kilichoongezeka.
Kiwanda kizima hakikupata wala kukosa hata senti.
"Kwa hiyo ni mchezo wa kalamu," alisema mhandisi.
Nikamwambia, ndiyo, mhandisi. Na ule wa mwaka jana pia.

Jana Idalina, wa kitanda cha mfumi namba sita,
alinisimamisha ngazini akanishukuru kwa nyongeza.
Hakuna nyongeza, Idalina.
Sikupata maneno ya kumweleza nilichofanya.

Zimebaki eskudo saba, hazigawanyiki kwa tatu wala kwa mbili.
Ziko pembezoni mwa ukurasa, kwa penseli,
hazijaandikiwa mzazi.